Kina, Kituo na Bahari: Istilahi za Ushairi katika Tungo za Mapenzi na Msiba

Miongoni mwa istilahi za ushairi wa Kiswahili hakuna inayotajwa mara nyingi kuliko kina, wala hakuna inayoelezwa kwa haraka kuliko hiyo. Mwanafunzi huambiwa kwamba vina ni silabi za namna moja zinazorudiwa mwishoni mwa vipande vya mishororo. Huambiwa pia kwamba vina hulipamba shairi na kulifanya liimbike. Kisha hupewa ubeti ahesabu. Maelezo hayo si ya uongo. Lakini yakikomea hapo humwacha mwalimu bila jibu siku atakapoulizwa na mwanafunzi wake: kwa nini mtu aliyefiwa, ambaye hata chakula hakimpiti kooni, akae chini ahesabu mizani na kutafuta vina? Je, huzuni nayo hupambwa?

Swali hilo si la mzaha, wala halimhusu mwalimu peke yake. Mfasiri anayepewa shairi la Kiswahili hulazimika kuamua mapema kama atavibeba vina au ataviacha njiani. Akivihesabu kuwa ni mapambo, ataviacha bila majuto. Mtumishi wa serikali anayetakiwa kuandika salamu za msiba kwa niaba ya ofisi hujikuta ana maneno manne au matano yanayokaribiana maana, na hana wa kumweleza lipi hufaa wapi. Na sisi tunaoshughulika na istilahi tunapaswa kujua kama neno kina, kwa jinsi lilivyoelezwa katika vitabu vingi, linautosha mzigo tunaolitwika.

Katika makala hii tutapitia kwa ufupi historia ya baadhi ya istilahi hizo, tukifuatana na tungo chache mashuhuri za mapenzi na msiba. Dai letu ni moja. Katika Kiswahili kina hukaa mara nyingi mwishoni mwa kitenzi, yaani mahali pale pale ambapo lugha huonyesha nani amemtendea nani, akina nani wametendana, na ni jambo gani limetenduka. Kwa hiyo mtunzi anapochagua kina hachagui sauti tu. Huchagua pia uhusiano baina ya watu.

Nyumba, mizani na bahari

Istilahi zetu za ushairi zimechotwa katika visima viwili. Cha kwanza ni Kiarabu, ambacho kimetupa shairi, ubeti, mizani, bahari, takhmisa na diwani. Cha pili ni Kiswahili chenyewe, ambacho kimetupa utendi au utenzi, kituo, kipande na tumbuizo. Maneno ya kisima cha kwanza yana historia inayofaa kukumbukwa. Asili ya ubeti ni neno la Kiarabu lenye maana ya nyumba, na nyumba ya watu wa jangwani ilikuwa hema. Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtaalamu wa Basra wa karne ya 8 aliyeweka misingi ya elimu ya arudhi, aliviita vijenzi vidogo vya mshororo kwa majina ya vitu vya hema: kamba na kigingi. Kwa watu hao kutunga kulikuwa ni kujenga mahali pa kukaa. Nazo kasida nyingi za zamani za Kiarabu zilifunguliwa kwa mtunzi kusimama penye mabaki ya kambi aliyohama mpenzi wake. Nyumba ya maneno ilijengwa mahali ambapo nyumba ya kweli imekwisha kung'olewa.

Maneno hayo yalipofika pwani ya Afrika ya Mashariki hayakubaki kama yalivyokuja. Mizani ya Kiarabu hupima silabi ndefu na fupi. Kiswahili hakina mpango wa namna hiyo; basi wenyeji walilichukua neno wakaliacha jambo, na mizani ikawa ni hesabu ya silabi. Bahari nayo, ambayo kwa Waarabu ni jina la kipimo cha ushairi, ilipata kwetu kazi zaidi ya moja, na hilo tutalirudia mwishoni.

Lakini lililo muhimu zaidi kwa mjadala wetu ni mkazo. Katika Kiswahili mkazo wa neno huangukia, karibu daima, silabi ya pili kutoka mwisho. Kina chetu, kwa desturi, ni silabi ya mwisho. Maana yake ni kwamba kina cha Kiswahili hukaa mahali ambapo sauti imekwisha kushuka. Kiingereza hakifanyi hivyo: kina chake huanzia kwenye irabu yenye mkazo, na mara nyingi huwa ni shina la neno lenyewe linalogongana na shina la neno jingine. Mwenye kukipima kina cha Kiswahili kwa mizani ya Kiingereza atakiona chepesi mno, tena rahisi mno kupatikana, kwa kuwa maneno yetu yote ya asili huishia kwa irabu. Wepesi huo ni wa kweli. Uzito wa kina chetu haumo katika mlio; tuutafute kwingine.

Utendi na mambo yaliyokwisha

Utendi wa kawaida una vipande vinne vya mizani 8 katika kila ubeti. Vitatu vya kwanza hushirikiana kina kimoja, ambacho hubadilika katika ubeti unaofuata. Cha nne huchukua kina kinachodumu tangu mwanzo wa utungo hadi mwisho wake. Utendi wa Tambuka, ulioandikwa Pate mwaka 1728, tayari una muundo huo. Hata utungo uwe na beti mia au elfu, msikilizaji hujua kwamba kila ubeti, upite upitako, utarudi pale pale.

Al-Inkishafi, utungo wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate, una mizani 10 katika kipande badala ya 8, lakini mpango wake wa vina ni huo huo. Hukadiriwa kwamba ulitungwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19, wakati ambapo utukufu wa Pate ulikuwa umekwisha kuporomoka. Mtunzi anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauonyesha majumba ya matajiri yaliyokuwa na taa zilizowaka na vyombo vya thamani vilivyopangwa madakani, na sasa ni makao ya popo, ndege na buibui. Kina kinachodumu katika utungo huo ni -ye. Katika lahaja za kaskazini mwisho wa -iye hutumika kwa jambo lililokwisha kutendeka na ambalo hali yake ingalipo. Mara kadhaa, mtunzi anapofikia kipande cha nne akisimulia magofu, kitenzi chake huwa na mwisho huo: viumbe vya porini vimekwisha kuingia, vimekwisha kukaa, na wangali humo. Hapo kina hakikuletwa kupamba gofu. Kina ndicho kinachotangaza kwamba jambo limekwisha na halirudi nyuma, na hutangaza hivyo kila ubeti unapofika mwisho.

Tumtazame sasa Mwana Kupona binti Msham. Mumewe, Bwana Mataka, aliyekuwa mtawala wa Siu, alifariki mwaka 1856. Mwaka 1858, akiwa mgonjwa, Mwana Kupona alimtungia binti yake utendi wa wasia, na baada ya miaka miwili hivi naye akafariki. Utendi huo husomwa zaidi kama mafunzo ya mwenendo wa mke kwa mumewe, na wengi katika zama zetu wameujadili kwa sababu hiyo. Lakini ni utungo wa mtu anayeaga. Ndani yake mama anakumbuka maisha yake na mumewe, jinsi walivyoishi bila ugomvi mpaka kifo kilipowatenganisha; na anamwachia mwanawe maneno kwa sababu hatakuwapo kumwambia tena. Kina kinachodumu ni -ya, ambacho katika maandishi ya leo tungekiandika -ia. Si kila kitenzi chenye mwisho huo ni cha kauli ya kutendea, lakini kauli hiyo ndiyo iliyoujaza mwisho huo katika lugha yetu: kupikia, kuombea, kulilia, kuachia. Ni kauli ya kazi inayofanywa kwa ajili ya mwingine. Utendi wa mama anayemfanyia mwanawe kazi ya mwisho umetua, ubeti baada ya ubeti, kwenye sauti ya kutendea. Hatudai kwamba Mwana Kupona alikaa akapanga jambo hilo kama mwanasarufi apangavyo. Tunadai kwamba lugha ilimpa chombo hicho tayari, naye akakitumia mahali kilipofaa.

Shairi na kujibizana

Shairi la mishororo minne, lenye mizani 16 katika kila mshororo na vina viwili, cha kati na cha mwisho, lilipata umaarufu mkubwa mikononi mwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840. Tungo zake zilibaki vinywani mwa watu na katika kumbukumbu za Mwalimu Sikujua, ambaye pamoja na William Taylor alizihifadhi. William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940. Muyaka alitunga juu ya vita na siasa za mji wake, na alitunga pia juu ya mapenzi, wivu, umaskini na marafiki waliogeuka.

Mshororo wa utendi ni mfupi, nao husukuma habari mbele. Mshororo wa shairi umekatwa katikati, ukawa na ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili. Muundo huo huwa kama watu wawili waliokaa ana kwa ana: ukwapi husema, utao hujibu. Ndiyo maana shairi limefaa sana kwa kujibizana, ambapo mtunzi mmoja hutoa hoja na mwenzake humjibu, mara nyingi kwa mizani na vina vile vile alivyovianza wa kwanza. Katika mapenzi jambo hili lina maana yake. Kumjibu mtu kwa vina vyake ni kumwambia kwamba umemsikia.

Takhmisa nayo ni ndugu wa desturi hiyo. Mtunzi huchukua ubeti wa mtunzi aliyemtangulia, akautungia mishororo mitatu ya kuuongoza, ikawa mitano. Sayyid Abdallah huyu huyu wa Al-Inkishafi aliutia takhmisa utungo unaonasibishwa na Fumo Liyongo. Mtu aliyekufa zamani na mtu aliye hai hukaa katika ubeti mmoja, na kinachowakalisha pamoja ni kina, kwa kuwa mishororo mipya hulazimika kufuata sauti ya ile ya kale.

Msiba wa Shaaban Robert

Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliweka katika kitabu cha maisha yake shairi alilomtungia mkewe, Amina, baada ya kifo chake. Ni moja ya tungo za msiba zinazojulikana sana katika shule zetu, na twaona kwamba mara nyingi imefundishwa kwa nusu. Wanafunzi hutakiwa waeleze huzuni ya mtunzi, kisha, katika swali jingine, wahesabu vina na mizani, kana kwamba mambo hayo mawili hayajuani.

Muundo wake ni huu. Kina cha kati hubadilika ubeti hadi ubeti. Kina cha mwisho ni a, na irabu inayoitangulia huwa u au i mara nyingi, hata sikio likasikia ua na ia. Kituo hakibadiliki, hurudi neno kwa neno katika mwisho wa kila ubeti. Na kituo hicho kinakutanisha kitenzi na kinyume chake, kile cha kutenda katika ukwapi na kile cha kutendua katika utao, kisha kinakikana kile kinyume. Mjane anasema, kwa sarufi yenyewe, kwamba kifo kimeweza kutendua mengi lakini kifungo cha mapenzi yao hakuna wa kukitendua. Beti zinasogea: zinataja ugonjwa, dua, mawazo yanayomzunguka. Kina cha kati kinapobadilika tunasikia siku zikipita. Kituo kinaporudi tunasikia kwamba kuna jambo moja ambalo siku hazikuliondoa. Ukikiondoa kituo hicho, au ukakibadilisha kila ubeti kwa ajili ya kuleta maneno mapya, shairi litabaki na huzuni lakini litakuwa limepoteza hoja yake.

Jinsi kina kinavyobeba uhusiano

Yafaa sasa tulieleze jambo hili kwa mfano mwepesi. Tumezitunga wenyewe beti mbili zifuatazo kwa ajili ya maelezo tu, wala hatuzihesabu kuwa ni ushairi wa kujivunia:

Tulipanda mti wetu, kivulini kuitana,
Maji ya kisima chetu, daima kutekeana,
Hakikuwa changu kitu, kila chema kupeana,
Leo kivuli si chetu, hatuwezi kuonana.

Nyumba tuliyoezeka, kifo kimeiezua,
Jamvi nililotandika, peke yangu natandua,
Nguo nilizoanika, nani atazianua?
Leo kivuli si chetu, hatuwezi kuonana.

Katika ubeti wa kwanza kina cha mwisho ni -na, na kila mara kimetokana na kauli ya kutendana: kuitana, kutekeana, kupeana, kuonana. Kauli hiyo haiwezi kusimama kwa mtu mmoja. Humtaka wa pili. Neno mapenzi halikutajwa hata mara moja, lakini msikilizaji amekwisha kujua kwamba walikuwa wawili. Katika kituo kina ni kile kile, ila kitenzi kimekanushwa. Sauti ya watu wawili ingali ikisikika, na maana yake imeondoka.

Katika ubeti wa pili ukwapi una vitenzi vya -eka na -ika, na utao una kinyume chake cha -ua: ezeka na ezua, tandika na tandua, anika na anua. Lugha yetu ina jozi nyingi za namna hiyo: funika na funua, bandika na bandua, kunja na kunjua, fumba na fumbua. Nusu ya kwanza ya mshororo inaweka. Nusu ya pili inaondoa. Mtunzi hana haja ya kulia kwa sauti, kwa kuwa vina vyenyewe vinaivunja nyumba mbele ya macho yetu. Kisha kituo kinarudi na vina vyake vya ubeti wa kwanza, vikiwa sasa ni vigeni kati ya majirani zake.

Tahadhari mbili zahitajika. Kwanza, si kila -ua ni ya kutendua, kama ilivyo katika chukua, amua na jua; wala si kila -na ni ya kutendana. Mwalimu asimlazimishe mwanafunzi aone kauli mahali ambapo haipo. Pili, urahisi wa vina hivi ni mtego. Mtu anaweza kurundika vitenzi vya -ana mishororo minne asiwe amesema lolote. Kipimo si kama vina vimetimia. Kipimo ni kama kauli iliyomo katika kina inafanya kazi ambayo maana ya ubeti inaihitaji.

Sheria na mgogoro wake

Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Kazi hiyo ilikuwa na faida kubwa. Kabla yake elimu ya utunzi ilipokewa zaidi kwa mdomo, kutoka kwa mtunzi hadi mwanafunzi wake. Magazeti kama Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, yalikuwa yakichapisha mashairi ya wasomaji kutoka bara na pwani, na watunzi wengi wapya hawakuwa na mwalimu karibu. Kitabu kiliwapa istilahi moja na kipimo kimoja. Lakini kipimo kikikaa sana shuleni huanza kuonekana kuwa ndicho kitu chenyewe. Vina na mizani viliingia katika mitihani kama mambo ya kuhesabiwa, na hesabu ndiyo iliyobaki.

Mgogoro ulipozuka katika miaka ya 1970 pande zote mbili ziliupokea urithi huo. Euphrase Kezilahabi alichapisha Kichomi mwaka 1974, na ndani yake mna tungo zisizofuata vina na mizani. Waliompinga walisema kwamba bila vina hakuna shairi la Kiswahili. Waliomtetea walisema kwamba vina ni pingu zinazomzuia mtunzi asiseme ya moyoni. Kwa maoni yetu pande zote mbili zilikubaliana, bila kujua, katika jambo moja: zilivitazama vina kama kitu kilicho nje ya maana, wengine wakikiita sheria na wengine wakikiita pingu.

Historia inawasahihisha wote. Abdilatif Abdalla alifungwa nchini Kenya mwaka 1969 kwa sababu ya maandishi ya kisiasa, na tungo za kifungo chake zikatoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki. Mtu huyo aliyekuwa gerezani kweli alishika mizani na vina vya watangulizi wake wa Mombasa, na hakuna aliyeweza kusema kwamba vilimzuia kusema. Upande wa pili, Julius Nyerere alipoufasiri mchezo wa Shakespeare wa Juliasi Kaizari, uliotoka mwaka 1963, hakulazimisha vina, kwa kuwa asili yenyewe kwa sehemu kubwa haina. Na maombolezo ya Antonio mbele ya maiti ya rafiki yake hayakupungukiwa nguvu kwa sababu hiyo. Msiba waweza kusemwa kwa vina na waweza kusemwa bila vina. Lisilofaa ni kuvitia au kuvitoa bila kujua vilikuwa vikifanya kazi gani.

Istilahi tunazopendekeza

Tunaona kwamba mambo matatu yanahitaji kuwekwa sawa.

La kwanza ni maelezo ya kina. Tunapendekeza itofautishwe kati ya kina cha shina na kina cha mnyambuliko. Cha kwanza ni kile ambacho silabi yake ni sehemu ya shina la neno, kama katika mtu na kitu. Cha pili ni kile kinacholetwa na kiambishi cha kauli ya kitenzi, kama katika kuitana na kupeana, au ezua na anua. Mwanafunzi akijua tofauti hiyo, hesabu yake ya vina itakuwa mwanzo wa kusoma shairi badala ya kuwa mwisho wake. Mfasiri naye atajua anachokibeba. Huenda lugha anayofasiria isiwe na kauli ya kutendua. Basi na atafute katika lugha hiyo njia nyingine ya kuweka na kuondoa, asikimbilie kutafuta maneno yanayofanana mlio tu.

La pili ni neno bahari. Wengine hulitumia kwa aina ya utungo, wengine kwa kituo kisichobadilika cha shairi, wengine kwa kina kinachodumu cha utendi. Neno moja kuwa na maana tatu katika somo moja ni kumchanganya msomaji. Tunapendekeza bahari ibaki kwa aina ya utungo, mshororo unaorudi uitwe kituo, na kina cha kipande cha nne cha utendi kiitwe kina cha kudumu.

La tatu ni majina ya tungo za msiba zenyewe. Taazia na tanzia yametokana na asili moja ya Kiarabu yenye maana ya kuwafariji waliofiwa. Tanzia ilitumika pia kwa habari ya kifo, na baadaye wataalamu wa sanaa za maonyesho wakaichukua kwa mchezo unaoishia katika maafa, ikakaa kinyume cha ramsa. Uchukuzi huo umekwisha kuzoeleka nasi hatuna nia ya kuupinga. Lakini umeacha pengo, kwa kuwa shairi la msiba halina tena jina moja linalokubaliwa. Twaona kwamba mbolezi libaki kwa wimbo unaoimbwa msibani, maombolezo kwa tendo zima la kuomboleza, na taazia litumike kwa utungo au barua inayoelekezwa kwa waliofiwa. Kwa kipimo hiki shairi la Shaaban Robert si taazia, kwa sababu halimfariji aliye hai, linamsemesha aliyekufa. Hilo lingefaa kuitwa shairi la mbolezi. Na mtumishi wa ofisi atajua kwamba anachotakiwa kuandika ni taazia: maneno ya kutendea, yanayoelekezwa kwa watu waliobaki.

Tulianza na swali la mwanafunzi kama huzuni hupambwa. Sasa twaweza kumjibu. Aliyefiwa hatafuti vina ili aipambe huzuni yake. Lugha aliyoitumia kila siku pamoja na mwenziwe ilikuwa imejaa kuitana, kupeana na kungojeana, na sasa maneno hayo hayana mtu wa pili. Anapokaa kutunga, huyakusanya mwishoni mwa mishororo, mahali ambapo sauti hushuka, ili kila moja lisikike likiwa na pengo lake. Mwalimu atakapowataka wanafunzi wapigie mstari vina vya shairi kama hilo, na awaulize swali moja zaidi: vitenzi hivi vinahitaji watu wangapi, na katika shairi hili wamebaki wangapi?